Mzee Risasi, Mtunzi wa Njia Panda, na Daftari Lake la Kijani

"Hivi mchezo mpya unaweza kweli kuupita ule ambao kila mtu ameshaujua?" Swali hilo marehemu aliliuliza kwa sauti, Jumamosi ya tarehe 20 Agosti 2016, akiwa amesimama nyuma ya meza yake kwenye maonyesho ya michezo ya mezani, na watu wote waliokuwa karibu walikuwa wamempa mgongo, wamepanga foleni kwenye meza ya pili, meza ya ule mchezo ambao nyumbani kwetu uliitwa Mchezo Mkubwa. Mimi nilikuwepo, nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nisiposema leo sitasema tena, nilikuwa kwenye foleni ile ile.

Wazee wetu, majirani, wachezaji wa Jumamosi, na nyote mliokuja, pamoja na wale ambao hatujui vizuri mmekuja kwa sababu gani, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mjomba wangu. Mjomba mkubwa ameniomba nisome kilichoandikwa tu, nisigeuze msiba kuwa mdahalo wa chuo, nami nimemwitikia vizuri, maana kilichoandikwa nimekiandika mimi.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 19 Februari 1964, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa fundi saa na mshona nguo, na mama yangu ndiye aliyemfuata ziwa. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akaendelea na sekondari hadi 1981, ambako aliadhibiwa mara mbili kwa kosa moja, kuwahadithia wenzake kisa wakati wa somo, kisha kuwauliza, "Haya, wewe ndiye mwizi, utafanyaje?" Mwaka 1982 alijiunga na chuo cha uchapaji, akahitimu mwaka 1984 akiwa wa pili darasani, na wa kwanza, alipenda kutukumbusha, aliacha kazi hiyo akauza magodoro.

Tarehe 2 Januari 1985 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, akapanga herufi za madini ya risasi moja moja kwa vidole mpaka kucha zikawa nyeusi, na hapo ndipo wenzake walipomwita Risasi, jina lililomshika hata mashine mpya zilipoingia na herufi za risasi zikauzwa kwa kilo. Mwaka 1999 kiwanda kilipata kazi ya kuchapa kitabu cha kanuni za Mchezo Mkubwa, kurasa mia tatu na ishirini, na yeye ndiye aliyesahihisha prufu, zile nakala za majaribio, akasoma kila mstari, akaupenda. Kwa wasioujua, ni mchezo wa kuigiza hadithi mezani, watu wanne au watano wanakaa, mmoja anasimulia, wengine wanakuwa wahusika, huyu mganga, yule mlinzi aliyefukuzwa kazi, na jambo likiwa na shaka dadu ndizo zinazoamua. Lakini kwenye ukurasa wa mwisho alikuta kanuni iliyosema kwamba mchezaji haruhusiwi kubadili kanuni yoyote bila idhini ya maandishi ya kampuni, akaweka kalamu chini, akamwambia msimamizi wake, "Bosi, hawa jamaa wanataka tuote ndoto kwa kibali." Msimamizi akamwambia asahihishe nukta, maoni akayatoe nyumbani kwake.

Tarehe 12 Desemba 1992 alikuwa amefunga ndoa na mwalimu wa hisabati, mke wa mjomba wangu, ambaye sote humu tunamwita Mwalimu, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti ambaye leo ni fundi umeme, na mvulana aliye masomoni. Kiwanda kilipofungwa tarehe 30 Septemba 2009, marehemu alifungua chumba cha kuchapa kadi na mihuri kando ya ofisi ya posta, na humo, kati ya mteja na mteja, akautunga mchezo wake mwenyewe, akauita Njia Panda. Mwalimu ndiye aliyempigia hesabu za dadu, akikataa kila mara pale marehemu alipotaka shujaa ashinde kwa huruma.

Njia Panda ulikuwa na desturi moja ambayo Mchezo Mkubwa haukuwa nayo wala hautakuwa nayo. Kila meza iliyomaliza hadithi ilikuwa na haki ya kubadili kanuni moja, ikaiandika kwa mkono wake kwenye daftari la jalada la kijani, na wachezaji wote wakaweka majina chini yake. Kanuni ya saba iliandikwa na muuza viatu, kwamba mhusika akifa, anayefuata kucheza lazima amtaje. Kanuni ya thelathini iliandikwa na akina mama watatu wa saluni, kwamba mwongo akigunduliwa hapigwi, anaulizwa maswali mpaka achoke. Hadi mwezi Machi mwaka huu kulikuwa na kanuni sitini na moja, na boksi lililochapwa lilikuwa limeshapitwa zamani, mchezo wenyewe ulikuwa ndani ya daftari.

Na hilo daftari halikuwa na nakala. Kinyozi hajinyoi, jamani, mtu aliyechapa kadi za harusi za mtaa mzima hakuwahi kurudufu daftari lake, na Mwalimu alipomwambia, alijibu kwamba kanuni ikishachapwa inakauka.

Alikosea na kwingine, nami sitamfichia kwa sababu amelala. Kwenye boksi la kwanza aliandika kwa herufi kubwa, "Ukiujua Mchezo Mkubwa, huu tayari unaujua," akidhani anawarahisishia watu, na siku ile ya maonyesho wateja walilishika boksi, wakasoma, wakauliza kwa adabu kabisa, "Sasa mzee, huo mkubwa unauzwa wapi?" naye, kwa kuwa hakujua kusema uongo, akawaonyesha meza ya pili. Siku ile alikuwa muuzaji bora wa Mchezo Mkubwa katika ukumbi mzima. Wazee wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nami nimeipinga methali hiyo mbele ya majaji watatu nikashinda, kwa sababu kinachojiuza ni kilichozoeleka, mtu hanunui kanuni, ananunua uhakika kwamba Jumamosi atapata wenzake wa kukaa nao.

Hata hivyo meza zilikuja. Kufikia mwisho wa mwaka 2018 palikuwa na meza kumi na nne kila Jumamosi saa kumi jioni, katika ukumbi wa maktaba, na ndipo, tarehe 12 Januari 2019, alipoingia wakala wa Mchezo Mkubwa, mpole, mwenye jaketi la kijivu na salamu ndefu, akaleta maboksi ishirini ya zawadi, akasema amekuja kujifunza. Alicheza mezani kwa marehemu mara sita, akacheka kwa wakati wake, akauliza maswali mengi kuhusu daftari. Kufikia Aprili meza kumi na moja zilikuwa zimehamia Mchezo Mkubwa, zikibaki tatu. Nilimwambia, "Mjomba, yule mtu hakuja kucheza, amekuja kuhesabu viti." Akanijibu, "Mpwa wangu, hakumshika mtu mkono," na kilichoniuma ni kwamba alikuwa amesema kweli.

Tarehe 8 Julai 2024 kampuni ilimwandikia ikitaka kuununua mchezo wake, ili kuupa, eti, mabawa. Mimi sijawahi kuona ndege akipewa mabawa na mwenye tundu, nilisema watauweka kabatini na kufunga, na marehemu akajibu barua ile kwa mstari mmoja, kwamba mchezo si wake peke yake, waulizwe wote walioandika majina daftarini.

Tarehe 17 Mei mwaka huu alilazwa kwa ugonjwa wa moyo, wodi ya pili, kitanda cha dirishani, na kabla wiki haijaisha mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa nahodha na mfagiaji alikuwa malkia aliyepinduliwa. Jumapili ya tarehe 1 Juni daftari lilikuwa chini ya mto wake, nililiona kwa macho yangu. Jumatatu halikuwepo. Muuguzi wa zamu alisema kwamba jioni ya Jumapili mgonjwa alimpa mgeni mmoja daftari kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia, "Malizia wewe," na kwamba yeye muuguzi alimwona mgeni huyo mgongo tu, amevaa jaketi la kijivu. Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Mzee Risasi alifariki dunia, Mwalimu akiwa amemshika mkono.

Jana Ijumaa ikafika barua ya rambirambi kutoka kwa kampuni, ya maneno mazuri, yenye karatasi ya pili iliyobanwa nyuma yake, na karatasi hiyo ilikuwa mkataba wa kuuza Njia Panda, wenye nafasi ya saini ya mjane. Nawaeleza kwa nini daftari ni jambo kubwa. Likiwepo, mchezo una wenyewe zaidi ya mia mbili, na hakuna anayeweza kuuuza bila wao. Lisipokuwepo, kinachobaki ni boksi lenye jina moja, na mwenye jina hilo tunamzika leo, na Mwalimu anabaki peke yake na kalamu ya watu wengine.

Namshuku wakala, ambaye nashukuru amekuja, yuko safu ya tatu. Lakini nimewahi kushindwa mdahalo kwa kuwa na hakika kubwa kuliko ushahidi, na tangu nisimame hapa nimehesabu majaketi saba ya kijivu, moja ni la muuza viatu, jingine ni la mjomba mkubwa. Na neno "malizia" mtu hamwambii mwizi. Inawezekana marehemu alijua alichokuwa akifanya, inawezekana alimpa adui makusudi, hilo nalo lingekuwa la kwake kabisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, mfagiaji aliyekubali kupinduliwa kila siku, majirani waliobeba viti na maji bila kuitwa, wachapaji wenzake wa zamani, wafanyakazi wa maktaba waliotuachia ukumbi, na meza tatu ambazo hazikuhama.

Mjomba, swali lako la mwaka ule bado sina jibu lake, ila kwenye foleni ile nimeshatoka. Umepanga herufi zako zote, sasa pumzika kwa amani.

Na wewe uliye nalo, nakuomba jambo moja. Jumamosi ijayo, tarehe 14, saa kumi jioni, ukumbi wa maktaba, meza ya karibu na dirisha, lete daftari, hatutakuuliza kwa nini ulilichukua, vuta kiti, ukae, tucheze.