Maman Dancille na Ng'ombe wa Picha

Maman Uwamariya Dancille anastaafu Ijumaa hii, tarehe 26 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha watoto wadogo katika shule yetu hapa Kamembe. Alikuja mwembamba, na sauti ya kuku aliyekanyagwa. Wembamba ulikwenda zake, sauti imebaki.

Mimi mpishi sikukaa darasani hata siku moja, lakini jiko langu liko chini ya dirisha lake, na somo lake la wanyama limenifuata mpaka kwenye sufuria. Kwa ndege, alibeba kuku wangu, watoto wakashika manyoya na mdomo. Kwa samaki, alichota sambaza, wale dagaa wetu wa ziwani, katika beseni langu, akaonyesha mapezi na mashavu ya kupumulia. Hakuwarudisha wote. Mjusi wa ukutani, mwenye magamba makavu, alisimama kwa niaba ya watambaazi. Chura alitoka kwenye mpunga wa Bugarama kwa ndoo: huyo huanza majini na mkia, akikua anahamia nchi kavu. Panzi ana miguu sita, basi ni mdudu. Na katika kundi letu sisi watu, wenye nywele na wanaonyonyesha, yumo paka, yumo mbuzi, hata popo anayeruka. Ng'ombe pia yumo, ila huyo alikuja kwa picha tu.

Tuseme ukweli: Dancille anaogopa ng'ombe. Siku ng'ombe wa jirani alipoingia uwanjani, mwalimu alipanda juu ya benchi na viatu vyake. Kamikazi, mtoto wa darasa lake, akamuuliza: "Eh Maman, si ulisema uyu ni wa kundi yetu?" Akajibu kutoka huko juu: "Ni wa kundi yetu, lakini abaki kwao!"

Sasa usinikodolee macho, Dancille. Mkurugenzi Straton alitaka tukupe televisheni, nikamnyamazisha. Aliyefundisha watoto wa Kamembe maziwa yanatoka wapi hatazeeka akiyaomba kwa jirani. Nyuma ya jiko kuna mtamba kutoka Nkungu. Ni wako, na kwetu ng'ombe hakataliwi. Watoto wako nje, wanangoja kuona kama mwalimu wao atamgusa.

Pembe bado hana. Mpaka kwako Mururu nitatembea katikati yako na huyo mtamba, na siku atakapozaa nitakuja tukamue pamoja mpaka mikono yako imzoee.

Asante kwa watoto wetu, na wajukuu wangu wamo. Uzeeke na afya, na maziwa yasikauke nyumbani kwako. Haya, simama, ushike kamba.