Antena ya Fundi Mawimbi

Ndugu na majirani mliofika kutushika mkono, marehemu kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Fundi Mawimbi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa seremala na mkunga. Alisoma shule ya msingi mtaani hapohapo kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, akahitimu chuo cha ufundi mwaka 1971, na tarehe 3 Januari 1972 akaajiriwa kutengeneza redio za mawasiliano za reli, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2006, bila kuchoka kuwagombeza vijana waliosahau kuziba maungio ya waya.

Tarehe 6 Septemba 1980 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu, na wa nne, kama shemeji alivyozoea kulalamika, alikuwa antena ya waya wa shaba na mpini wa fagio, aliyoiunda mwenyewe, akiitoa nje, uani, kila Jumapili saa nne asubuhi na kuirudisha nyuma ya kabati. Kwa antena hiyo na redio yake ya mawasiliano alizungumza na kitinda mimba wetu, anayefanya kazi katika kituo cha hali ya hewa mlimani, kusikoshika simu.

Mwaka 2022 alianza kuugua moyo, daktari akamkataza kunyanyua chochote, na hofu yake haikuwa kifo, bali kwamba Jumapili moja mdogo wake ataita na asiitikiwe. Akaamua antena isimikwe nje moja kwa moja, bomba la chuma likafungwa ukutani, shemeji akapanda ngazi, mgonjwa akielekeza kutoka kitini kwa sauti ya mtu mzima wa afya. Mvua ya kwanza iliponyesha redio ikanyamaza, maji yameingia kwenye waya, kwani bingwa wa maungio alisahau kuagiza ungio lizibwe, ama kweli mganga hajigangi. Shemeji alimcheka wiki nzima, kisha akapanda tena, akaliziba kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akauacha waya uning'inie kidogo chini ya dirisha kabla ya kuingia ndani, ili maji yadondokee nje, na baada ya hapo kaka na mdogo wake hawakukosa kuzungumza Jumapili hata moja.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa tisa alasiri, nyumbani kwake. Jumapili iliyofuata mdogo wetu aliita kama kawaida, na shemeji, ambaye hakuwahi kugusa kitufe cha redio ile, akakaa kwenye kiti cha mumewe, akaitika, akampa habari kwa kinywa chake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima ngazi mara mbili, na wenzake wa karakana waliovuta kipaza sauti cha redio hadi hapa uani, ili mdogo wetu, ambaye barabara yake imekatwa na mvua, amzike kaka yake pamoja nasi. Mdogo wetu, tunajua unatusikia.

Kaka, akiita ataitikiwa. Pumzika kwa amani.