Pimbi Katika Kisanduku cha Panya

ILANI KUHUSU UANGAMIZAJI WA JAMII YA PANYA KATIKA KUTA, DARI NA MAENEO YANAYOFANANA NA HAYO. Karatasi yenye mihuri mitatu ilibandikwa juu ya benchi letu la kahawa pale sokoni, kwenye ukuta wenye tundu. Tunduni anaishi pimbi jike, ambaye Fundi Viatu amekuwa akimlisha majani ya kabichi tangu mvua zilizopita. Ana mimba. Bwana Afya alitarajiwa saa nne, na sumu yake.

— Huyu si panya, alisema Fundi Viatu. Hata mkia hana.

— Hata wewe huna, alisema Dalali.

Kamusi, aliyefundisha elimu ya viumbe hadi akastaafu, alitua kikombe.

— Pimbi ni ndugu wa tembo. Tazama kucha zake, kama kwato. Meno ya juu yanakua kama pembe. Mimba yake miezi saba. Panya gani ana subira hiyo?

— Mzee, kahawa ya leo imekolea, alisema Dalali.

— Nguva wa baharini naye yumo katika ukoo huo.

— Mmoja porini, mmoja majini, mmoja nyuma ya choo cha soko. Waligombea urithi hao.

— Nyangumi na kiboko nao ni ndugu wao kwa wao. Na mamba, undugu wake na ndege ni wa karibu kuliko wake na kenge.

— Kwa hiyo kuku wa shemeji yangu ni mamba.

— Binamu yake.

— Nilijua. Yule jogoo hanitazami vizuri.

Bwana Afya akafika, na fomu yenye visanduku viwili: Panya, Mengineyo (taja).

— Mkubwa, alisema Fundi Viatu, huyu ni mengineyo. Jamii ya tembo. Mwalimu huyu hapa shahidi.

Bwana Afya alichungulia tunduni. Pimbi naye alimchungulia, akitafuna.

— Sumu hii imeidhinishwa kwa panya tu, alisema. Ila kwa tembo lazima niandike mfugaji. Mfugaji ni nani?

Dalali alikuta jambo la kusoma chini ya kikombe chake. Kamusi alifuta miwani. Mimi nilikohoa.

— Niandike mimi, alisema Fundi Viatu.

Bwana Afya aliandika “tembo, mmoja”, akachukua sahihi, akaondoka na sumu yake.

Baada ya wiki tatu Fundi Viatu alipata barua ya kumtaka aeleze kwa maandishi tembo alimtoa wapi. Pimbi alikuwa ameshazaa, watoto watatu.