Taulo la Kijani la Mzee Elisha

Ijumaa, tarehe 26 Juni 2026, Mzee Elisha Ndahani anastaafu baada ya kuwahudumia panya wa maabara yetu kwa miaka ishirini na minne. Aliajiriwa kufagia. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa akiwajua panya weupe mia mbili mmoja mmoja, na hakuna aliyewahi kumng'ata.

Kazi yetu ni kuchunguza hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu za mahali. Panya anapojifunza njia, viunganishi kati ya seli zake za neva huimarika. Ili ajifunze, huogeleshwa kwenye beseni kubwa la maji yaliyotiwa maziwa ya unga, atafute kijukwaa kilichozama asichoweza kukiona. Maziwa aliyakoroga Mzee Elisha, akitutania kwamba panya wanaoga maziwa huku watumishi wanakunywa chai ya rangi. Kisha alisimama dirishani, taulo la kijani begani, akingoja kuwakausha.

Mwaka 2016 alikwenda Gulwe kumzika mama yake. Gerson, aliyeshika nafasi yake, alisimama mlangoni na taulo lake jeupe. Panya waliokwisha kufuzu wakazunguka ndani ya beseni kama wageni stendi. Mwandishi wa wasifu huu, Dkt. Naima, yaani mimi, alitafuta wa kumtwisha lawama. Nilihitimisha kwamba Mzee Elisha alichanganya vizimba kabla ya kuondoka. Alirudi kutoka msibani akakuta barua yangu ya onyo mezani.

Alikuja ofisini kwangu, akaeleza kwa upole kwamba hakuchanganya kitu. Panya walikuwa wanamtafuta yeye, kwa sababu walishakariri kwamba kijukwaa kiko upande wa lile taulo. Niliwaita wanafunzi waje wasikie, tukacheka. Yeye aliaga, akaenda kulisha panya.

Miaka mitatu baadaye mwanafunzi wangu Restuta alilitundika taulo lile upande wa pili wa chumba. Panya wote wakaogelea kulifuata. Tuliandika makala iliyotupatia sifa, na ndani yake Mzee Elisha ni "mhudumu mmoja" tu. Barua ilibaki kwenye jalada lake, na kwa sababu yake alinyimwa usimamizi wa chumba cha panya mara mbili. Nilijua, nikanyamaza. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nami nikapita haraka. Naona aibu hata kuyaandika haya.

Wiki iliyopita niliifuta barua ile kwa maandishi, nikampelekea nakala mwenyewe. Nilitarajia anikemee. Aliisoma polepole, akaikunja, akauliza kama nimeshapata mtu wa kusimama dirishani Jumatatu baada ya yeye kustaafu, maana kundi jipya limeanza mafunzo na likibadilishiwa alama litahangaika majini. Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie.

Mzee Elisha, asante kwa kazi yako, utani wako na uvumilivu ambao sikuustahili. Nenda Zuzu ukatunze mizabibu yako na kucheza na wajukuu. Sote hapa tunakuombea afya, amani na miaka mingi ya furaha. Nilikucheka mbele ya watu, kwa hiyo msamaha nauomba mbele ya watu. Jumatatu taulo la kijani litakuwa begani mwangu, na nitasimama pale pale ulipokuwa ukisimama.