Kipande cha Sita

"Suala la Kutoonekana kwa Kipande Kimoja cha Sarafu ya Mfano, Jalada la Siri, Juzuu ya Kwanza hadi ya Tisa": hivyo ndivyo ofisi ya kiwanda alikofanya kazi ilivyoyaita maisha ya marehemu, na kwa kuwa imesema yake kwa miaka arobaini na saba, leo familia inaomba dakika chache.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1938, mtoto wa pili wa mshona viatu, akasoma hadi darasa la nane, ambako mwalimu alimchapa kwa kuchonga dawati, kisha mwalimu huyo akalihamishia dawati hilo ofisini kwake, na mwaka 1955 akaanza kujifunza kazi kwa sonara.

Tarehe 3 Agosti 1964 aliajiriwa kuwa mchongaji katika kiwanda cha sarafu cha taifa lililokuwa na bendera mpya lakini bado lilinunua chumvi kwa sarafu zenye kichwa cha mtawala wa zamani, na mwaka 1966 akamwoa mshonaji wa sare za shule, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 9 Februari 1967 zilipigwa sarafu sita za mfano alizozichonga yeye, zikionyesha mkulima ameinama na jembe, Kamati ya kuidhinisha sarafu ikazikataa kwa sababu raia wa taifa huru hainami, ikaamuru ziyeyushwe, na zilipofika kwenye tanuri zilikuwa tano.

Hakushtakiwa, maana kushtaki kunataka ushahidi, bali alihamishiwa stoo ya mifagio na sabuni hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 1993, na kila mkuu mpya aliunda kamati mpya, kila kamati ikafungua juzuu mpya, bila kuifunua ile ya kwanza, kwa kuwa ilikuwa ya siri. Mtaani wakamwita Kipande. Mkewe aliwahi kumwambia, "Baba watoto, mkono si unao, wachongee nyingine uwatupie," naye akajibu, "Watasema basi nilikuwa nazo mbili." Hakuchonga tena, hata namba ya mlangoni kwake.

Mwaka 2011 alipatwa na kiharusi, na katika siku zake za mwisho kila muuguzi alipoingia yeye alimwomba mkewe ageuze mifuko ya shati lake, waone hana kitu, hadi alipofariki Jumatatu, tarehe 2 Juni 2014.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walioitazama mifuko hiyo kwa heshima, majirani, wakiwemo waliomwita Kipande na leo wamebeba viti, na wafanyakazi wenzake, waliomnyima salamu lakini wameleta shada kubwa. Tunamshukuru zaidi karani wa masjala, ambaye juzi, akitutafutia tarehe ya ajira kwa ajili ya historia hii, alifunua juzuu ya kwanza, akakuta sarafu ya sita ndani ya bahasha, imebanwa kwa pini ukurasa wa pili, na juu yake katibu wa Kamati ameandika "Kiambatisho A". Mjane aliigeuza mkononi, akasema tu, "Kumbe alikuwa mzuri hivi, huyu mkulima."

Ofisi imetuarifu kwamba juzuu ya kumi imefunguliwa.

Pumzika, Baba. Sarafu hukuichukua.