Nyapara Aliyewatunzia Mbayuwayu Matete

Baada ya kuutumikia mji wa Arusha miaka ishirini na saba, Mzee Anaeli Sumari, nyapara wa kikosi cha mbu, anastaafu leo, tarehe 30 Aprili 1958. Asubuhi amerudisha buti za mpira na koti la mvua. Buti zimewahi kubadilishwa. Koti ni lile lile la zamani, ndiyo maana karani wa stoo amelipokea kwa ncha za vidole.

Mzee Sumari alishuka kutoka kijiji cha Poli, Meru, mwaka 1931, kijana wa shamba la kahawa na migomba, akaandikwa kazi ya kuzibua mifereji, kufyeka majani na kunyunyiza mafuta kwenye madimbwi ili mbu wasizaliane. Kanisani aliimba besi, na kazini aliimba besi hiyo hiyo peke yake tangu asubuhi hadi saa ya kutoka. Wengi wetu kikosini tunazijua nyimbo nyingi za Kilutheri kwa upande wa chini tu.

Lakini ukimtaja Sumari lazima utaje matete ya bondeni, chini ya Kijenge. Kila mwaka, mvua za vuli zikikaribia, mbayuwayu kutoka Ulaya huja kulala humo. Mchana hutawanyika hadi mashamba ya Meru wakiwinda wadudu. Jioni hurudi makundi kwa makundi, wakazunguka juu ya nyumba, kisha wakajimwaga ndani ya matete wote kwa pamoja, na kelele zao haziruhusu mtu kuzungumza. Zamani tulisimama pale na majembe begani, tumechoka, na bado hatukutaka kwenda nyumbani. Siku zile nazikumbuka sana.

Kwa hiyo Nyapara alipanga kazi kwa namna yake. Tulianza kufyeka Elerai, tukaja Kimandolu, na matete ya Kijenge yakawa ya mwisho, baada ya ndege kuondoka wakati wa masika. Tulipomtania kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alijibu kuwa wageni wake walikuja na jembe lao, maana walikula mbu bila posho. Wala hakukubali tuseme wameondoka. Alisema wametoka, kama mtu aliyetoka kidogo kwenda sokoni.

Mwaka 1952 nusura yote yaishe. Jaswinder, binti mdogo wa seremala Amarjit Singh, ambaye karakana yake inapakana na bonde, aliugua malaria vibaya. Baba yake, kwa uchungu wa mzazi, alidai matete yote yakatwe. Bwana Afya wa wakati ule akaamuru yafyekwe wiki ile ile, nao mbayuwayu walikuwa ndiyo kwanza wananenepa kwa safari ya kurudi. Sumari alikwenda kumwomba. Bwana Afya akasema ndege hao hao hujenga viota katika zizi la baba yake huko kwao Ulaya. Alimpa nafasi kwa sharti moja: wakionekana viluwiluwi wa mbu ndani ya matete, matete yatakatwa na unyapara utakwisha.

Sumari akaanza kuchota vifaranga vya perege ziwa Duluti, akiwabeba kwa madebe juu ya baiskeli, ili samaki hao wawale viluwiluwi. Wa kwanza aliwamwaga ukingoni, na korongo wakawamaliza kabla ya chai. Wengine aliwapeleka katikati, maji yakimfika kifuani. Matete yakawa safi. Hata hivyo mbu hawakupungua kwa fundi Amarjit.

Tulitafuta kila mahali wanakozaliana. Ni Sumari mwenyewe aliyewakuta. Yale madebe ya samaki, aliyoyapanga nyuma ya ukuta wa karakana, yalikuwa yamejaa maji ya mvua, na viluwiluwi wakicheza ndani. Nyapara wa mbu alikuwa anafuga mbu. Angeweza kuyamwaga, na hakuna ambaye angejua. Badala yake alibeba debe moja likiwa na viluwiluwi wake, akabisha hodi kwanza kwa fundi Amarjit na kumwomba radhi mbele ya mkewe, kisha akalifikisha mezani kwa Bwana Afya.

Alivuliwa unyapara. Kwa mwaka mzima, hadi aliporudishiwa cheo, alibeba bomba la mafuta nyuma ya Ndesanjo, kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi na ambaye sasa alishika nafasi yake, akaitikia amri zake bila kununa. Lakini matete hayakuguswa, kwa sababu ndani yake hapakuwa na kosa. Jaswinder alipopona, fundi Amarjit alitengeneza benchi, akaliweka kando ya bonde. Tangu hapo wazee hao wawili hukaa hapo jioni, na binti huja kumwamkia Sumari shikamoo kabla ndege hawajatua.

Kwa taratibu alipaswa kustaafu mwishoni mwa Machi. Aliomba mwezi mmoja zaidi. Hakueleza sababu, na hakuna aliyeuliza. Mbayuwayu wa mwisho walipotoka wiki iliyopita, tuliteremka kufyeka. Sumari alimpa Ndesanjo panga lake, akaenda kukaa kwenye benchi. Safari hii hakuimba, na sisi tuliozoea besi ile tulikata matete kimya kimya.

Zawadi yetu kwake ni debe jipya, ambalo tumelitoboa kitako lisije likatega maji. Tunamshukuru pia mkewe, Mama Tabea, aliyezikausha nguo zenye tope miaka yote hiyo bila kutuletea mashitaka.

Mzee wetu, nenda Poli ukapumzike, kahawa ikuzalie na afya ikukalie. Ndesanjo ameahidi mbele yetu sote kwamba matete ya Kijenge yatabaki ya mwisho kukatwa. Vuli ikikaribia, njoo; benchi ni lako. Na kabla ya hapo, mtu akija ofisini kumuulizia Nyapara Sumari, tutamjibu kwamba ametoka.