Nicasio Calisaya na Kengele Iliyojazwa Sufu (1858–1934)

Mzee Nicasio Calisaya alizaliwa Tarata tarehe 14 Desemba 1858, mtoto wa kwanza wa Melchor Calisaya, mwendesha nyumbu, na Petrona Chura. Mdogo wake wa pekee, Florentín, alizaliwa miaka mitatu baadaye.

Alisoma miaka miwili kwa padri wa parokia, kisha baba yake akamtoa ajifunze njia za jangwani. Kama wenzake wote wa kazi hiyo, alimtanguliza farasi jike mwenye kengele shingoni. Nyumbu waliifuata sauti hiyo hata kwenye ukungu.

Novemba 1879, vita vilipoingia jimbo la Tarapacá, ndugu hawa wawili waliingizwa jeshini kubeba maji. Mkakati wa kanali wao ulikuwa kutembea usiku kimya, kisha kuviteka visima vya adui alfajiri, kabla ya jua kali. Aliamuru kengele ijazwe sufu.

“Mkuu, nyumbu hawamjui kanali,” Nicasio alisema. “Wanamjua huyu farasi.”

Askari walicheka. Kanali hakucheka.

“Kaka, jaza tu,” Florentín alimwambia. “Wakikupiga risasi, mama nitamwambia nini?”

Akaijaza. Ukungu ukashuka. Kulipopambazuka, nyumbu arobaini wa maji hawakuwepo nyuma, wala Florentín aliyekuwa akiwaswaga. Nicasio aliomba arudi akipiga kengele. Alijibiwa kwamba maji yako mbele, visimani. Walifika visimani saa sita mchana, ndimi zimevimba, na mapigano ya siku hiyo yalikwisha kabla ya jioni. Ndipo aliporudi. Alipiga kengele siku tatu. Walimjia nyumbu kumi na mmoja.

Tarehe 8 Mei 1886 alimwoa Casimira Ticona hapa Tacna, akaendelea kusafirisha zeituni na majani ya mifugo. Kila Novemba, tangu 1880, alishuka jangwani na kengele yake. Bibi alizoea kumtania: “Mume wangu, unakwenda tena kuwasalimia mawe?”

“Mawe angalau hukaa nilipoyaacha,” alijibu, na bibi akamfungia mahindi ya kukaanga ya njiani. Alikwenda mara hamsini na mbili. Hakupata hata kifungo cha shati la mdogo wake.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 1932. Mwezi wa mwisho aliuliza mara kwa mara, “Hamsikii nyumbu?” Binti yake Domitila alimjibu, “Baba, ni mkokoteni wa maziwa.” Alifariki nyumbani tarehe 3 Juni 1934, asubuhi. Aliagiza asizikwe na kengele. Itundikwe mlangoni bila sufu, maana kuna mtu anaweza kuwa bado anaisikiliza.

Bibi Casimira alimtangulia kufariki. Ameacha mabinti wawili, Domitila na Saturnina, sisi wajukuu saba, na mdogo wake Florentín. Babu mwenyewe aliagiza tumtaje huyu miongoni mwa walio hai, kwa kuwa hakuna aliyemwona akifa. Tumemtaja.

Babu apumzike kwa amani, ikiwa jangwa litamruhusu.